Nusu Kidonge

Wembe ule mama mkubwa hamnyolei mtu. Anautunza ndani ya kopo la Blue Band pamoja na vidonge vyake, umefungwa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, huvuta kigoda karibu na taa ya sola, akageuza kifuniko cha kopo, akaweka kidonge kimoja juu yake, akakilenga katikati kama fundi cherehani anayetafuta mkunjo wa kitambaa, kisha akakandamiza. Kikipasuka sawasawa humeza nusu, na nusu nyingine hurudi koponi kwa ajili ya kesho. Kikivunjika vibaya humeza kipande kikubwa, na ule unga uliobaki kwenye kifuniko huuokota kwa ncha ya kidole kilicholoweshwa mate, akaulamba. Hakuna kinachopotea.

Nyumba yake iko kwenye mgongo wa kilima wilayani Ngara, mkoa wa Kagera, upande ambao ukitoka nje asubuhi, ukungu ukiwa bado mabondeni, unaviona vilima vya Burundi kana kwamba viko shambani kwako. Nilikwenda kumsalimu, nikakaa siku kadhaa. Siku ya pili ndipo nilipouliza. Daftari lake la kliniki lilikuwa mezani, na katika mwandiko wa haraka wa tabibu niliona 1x1 mbele ya dawa ya kwanza, 1x1 mbele ya dawa ya pili, na 1x2 mbele ya dawa ya tatu. Kila aliyewahi kusimama kwenye dirisha la dawa nchini kwetu anaijua lugha hiyo: kimoja mara moja kwa siku, kimoja mara mbili kwa siku. Hapakuwa na mahali palipoandikwa nusu.

"Mama, mbona unakata? Daktari ndiye aliyekwambia ukate?"

Hakukasirika. Alikifunga kwanza kile kifuniko, akakigonga kwa kiganja kuhakikisha kimekaa.

"Mwanangu, zikiisha zote kabla sijapata nauli, nitameza nini?"

Sura hii imezaliwa na swali hilo. Ukisoma yanayoandikwa kuhusu wagonjwa wa moyo wasiomeza dawa kama walivyoandikiwa, mara nyingi utaanza kukutana na usahaulifu, kutoelewa, na mganga wa kienyeji aliyemwambia mgonjwa atupe vidonge anywe mizizi. Hayo yote yapo, nami nimeyaona Ngara na nimeyaona wilaya jirani ya Biharamulo. Lakini kabla ya hayo yote nilikuta hesabu. Nilikuta watu wenye akili timamu, wanaotaka kuishi, ambao wamekaa na kopo lao la dawa, wakahesabu vidonge, wakahesabu siku, wakahesabu nauli, na jibu likatoka nusu.

Hesabu yenyewe ni hii. Mama mkubwa hupewa vidonge 30 vya losartani, dawa ya kushusha presha. Akimeza kimoja kwa siku, mwezi umekwisha na vidonge vimekwisha. Akimeza nusu, vidonge vilevile vinampeleka siku 60. Katika siku hizo 60 ameokoa safari moja. Na safari hiyo ni bodaboda ya kushuka kilima, kisha gari la abiria, kisha kusubiri kutwa nzima, kisha kurudi na giza. Kuna pesa ya chai, kwa kuwa kliniki humaliza mchana na yeye alitoka nyumbani kabla ya jogoo wa pili. Na shambani siku hiyo hakuna mtu. Msimu wa kahawa ukiwa mzuri, nauli ipo. Lakini kuna miezi ambayo maharage bado yako shambani na kahawa ya mwaka jana imeshalipa ada za wajukuu, na miezi hiyo ndiyo wembe hufanya kazi.

Zaidi ya nauli, kuna dirisha la dawa lenyewe. Mfumo wetu wa afya umezipanga dawa kwa ngazi. Zipo zinazoruhusiwa zahanati, zipo zinazoanzia kituo cha afya, zipo zinazoanzia hospitali ya wilaya, na nyingine hazipatikani mpaka mkoani au kwa bingwa. Mpango huo una sababu zake, kwani dawa nyingine ni hatari mikononi mwa asiyezijua. Lakini ugonjwa wa moyo hauishi hospitali ya wilaya. Unaishi kijijini, karibu na zahanati, na mara nyingi dawa anayoihitaji mgonjwa kila siku iko ngazi mbili juu ya mlango alio karibu nao. Akishafika huko juu, anaweza kuambiwa sentensi ambayo Watanzania wengi wameisikia: dawa hii hatuna, kanunue nje. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anastahili kutibiwa bure kwa mujibu wa sera, na dirisha la wazee lipo, na wahudumu wengi hulisimamia kwa heshima kubwa. Ila msamaha wa malipo hauwezi kutoa kidonge kisichokuwepo kabatini. Hapo mzee hutoka na cheti chake mpaka duka la dawa muhimu, akauliza bei, akanunua vya wiki moja.

Kisha huvipanga viwe vya wiki mbili.

Presha ni ugonjwa wa watu wengi kuliko tunavyokubali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne, wa umri wa miaka 25 hadi 64, ana shinikizo la juu la damu. Ubaya wake ni kwamba halina kelele. Malaria hukutetemesha mpaka ukaomba dawa mwenyewe. Jino likiuma hulali. Presha ya 180 kwa 110 inaweza kukaa ndani ya mtu anayelima, anayecheka, anayebeba mkungu wa ndizi kichwani, na asijue. Ndiyo maana watu wengi wamejifunza kuimeza dawa ya presha kama wanavyomeza Panadol: kichwa kikiuma wanameza, kikipoa wanaacha. Mzee mmoja wa Biharamulo aliniambia kwa uaminifu kabisa, "Ninazitumia, ila si ovyoovyo. Nameza pale inapopanda." Nilipomuuliza anajuaje kwamba imepanda, akagusa kisogo.

Wakati huo wote moyo unasukuma damu dhidi ya mishipa iliyokaza. Msuli wake unanenepa kama mkono wa mtu anayepasua kuni kila siku, halafu unachoka, unalegea, unatanuka. Watu husema moyo umepanuka, au moyo umekuwa mkubwa, na maneno hayo ni sahihi kuliko mengi ya vitabuni. Miguu inavimba. Mtu hawezi kulala bila mito miwili, mitatu. Anaamka usiku akitafuta pumzi dirishani. Profesa Abel Makubi na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2014, wastani wa umri ulikuwa miaka 55, na kwa karibu nusu yao, asilimia 45, chanzo kilikuwa presha. Ulaya na Marekani ugonjwa huu huwakuta wengi wakiwa na miaka 70 na kuendelea. Kwetu unamkuta mtu bado anasomesha.

Katika Kirundi, na katika Kihangaza cha vilima vya Ngara, moyo huitwa umutima, na kama ilivyo kwa Kiswahili chetu, neno hilohilo hubeba nyama inayodunda na nafsi ya mtu. Mama akimwambia tabibu kwamba moyo unamuuma, huenda anamaanisha kifua, huenda anamaanisha mwanawe aliyeondoka bila kuaga. Tabibu mwenye foleni ya watu 60 nje ya mlango hana muda wa kutofautisha. Ninalitaja jambo hili kwa sababu nimewasikia wageni wakidai watu wa vijijini hawajui kueleza ugonjwa wao. Wanajua. Anayehitaji muda ni msikilizaji.

Sasa nirudi kwenye daftari la mama mkubwa, maana ndani yake mlikuwa na kisa ambacho nadhani kinatokea katika kliniki nyingi za presha na sukari. Miezi kadhaa nyuma aliandikiwa losartani ya miligramu 50. Akaipasua, akawa anapata 25. Alipokwenda kupimwa, mashine ikasoma juu. Tabibu, kwa nia njema kabisa na kwa kufuata mwongozo, akaona dawa haitoshi, akaipandisha hadi miligramu 100. Mama akapokea vidonge vipya, akaenda navyo nyumbani, akavipasua. Tabibu alipandisha, wembe ukashusha. Presha ikabaki juu, na safari iliyofuata akaongezewa dawa nyingine.

Hebu tazama hatari iliyojificha hapo. Kwenye karatasi, mwanamke huyu yuko kwenye dozi kubwa ya dawa tatu. Mwilini mwake yuko kwenye dozi ndogo ambayo haikuwahi kuamuliwa na mtu yeyote mwenye taaluma. Siku akilazwa kwa malaria au kwa mguu uliovunjika, muuguzi wa wodini atafungua daftari na kumpa kila kitu kama kilivyoandikwa, kizimakizima. Presha inaweza kushuka ghafla mpaka akaanguka akielekea chooni. Ndugu watasema dawa za hospitali ndizo zilizomwangusha. Akirudi kijijini, habari hiyo itafika kabla yake, na majirani wenye kopo kama lake wataanza kupunguza hata ile nusu.

Wala vidonge vyote havivumilii wembe kwa namna moja. Kipo kidonge chenye mstari katikati, kimetengenezwa kigawanyike, na daktari anaweza kukuagiza nusu yake bila tatizo. Lakini nifedipini ya kutoa dawa taratibu imetengenezwa ili iyeyuke kwa saa nyingi. Ukiisaga au kuikata, dawa ya kutwa inaweza kumwagika mwilini kwa mara moja, presha ikaporomoka, moyo ukaenda mbio. Atenololi na karvediloli, zinazoutuliza moyo, hazitaki kuachwa ghafla: aliyezizoea akizikatisha mara moja, moyo unaweza kurudi kwa kasi kuliko ulivyokuwa, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata maumivu makali ya kifua. Amlodipini kwa upande wake hukaa mwilini muda mrefu, ukikosa siku moja si janga. Tofauti hizi mfamasia anazijua. Mgonjwa anaona vidonge vitatu, viwili vyeupe na kimoja cha njano, na wembe haujui tofauti.

Na kuna furosemidi, ambayo kila mtu huiita dawa ya kukojoa. Hii haikatwi sana. Hii hurukwa. Inaondoa maji yaliyojaa kwenye miguu na mapafu, na inayaondoa upesi, ndani ya saa chache, kwa hiyo aliyeimeza asubuhi lazima awe karibu na choo. Mama mkubwa haimezi siku ya Jumapili kwa sababu ibada ni ndefu. Haimezi siku ya gulio. Haimezi siku ya msiba, na kijijini misiba haiishi. Na siku ambayo haimezi kwa hakika kabisa ni siku ya kwenda kliniki, kwa sababu atakuwa ndani ya gari. Kwa hiyo siku pekee ambayo tabibu humwona ndiyo siku ambayo miguu yake imevimba kuliko siku zote. Biharamulo, kule barabara kuu ya malori inapopita Lusahunga kuelekea Rusumo, na nyingine kukata Nyakanazi kwenda Kigoma, nimemsikia dereva akisema hivyohivyo: dawa ya kukojoa na usukani havikai pamoja. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa wagonjwa wengi saa ya kuimeza inaweza kusogezwa, kwamba akifika kituo chake cha kulala alasiri anaweza kuimeza pale, ilimradi aelewane na tabibu wake. Ni maneno ya dakika moja. Yangemwondolea uvimbe wa miezi.

Pengo hili kati ya dawa na mmezaji ni la zamani. Dunia iliamini dawa za presha baada ya utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1967, ulioongozwa na daktari Edward Freis katika hospitali za maveterani wa jeshi. Wanaume 143 wenye presha kali waligawanywa: 73 wakapewa dawa, 70 wakapewa vidonge vitupu. Kati ya waliopewa vidonge vitupu, 27 walipatwa na madhara makubwa ya presha. Kati ya waliopewa dawa, wawili tu. Ni tofauti ya kutisha, na tangu hapo hakuna daktari mwenye akili aliyeuliza kama presha kali itibiwe.

Lakini kuna jambo katika utafiti ule ambalo husimuliwa mara chache. Kabla ya kuanza, wahusika walipitishwa kwenye majaribio. Walipewa vidonge vilivyotiwa vitamini inayong'aa kwenye mkojo chini ya taa maalumu, vidonge vyao vikahesabiwa waliporudi, na ambaye mkojo wake haukung'aa au hesabu yake haikukaa sawa, aliachwa nje. Maana yake ni kwamba uthibitisho mkubwa wa kwanza wa dawa hizi ulijengwa juu ya watu ambao tayari walishathibitika kuwa wamezaji. Wale wengine, waliokosa siku, waliokata, walioishi mbali, walitolewa mlangoni. Mama mkubwa asingeingia kwenye utafiti ule. Sisi tumerithi dawa, na kazi ya kuwafikia walioachwa mlangoni hatukuirithi pamoja nayo, kwa kuwa haikufanywa.

Kwetu kazi hiyo imeanza kupimwa. Dkt. Pedro Pallangyo na wenzake wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, waliwachunguza wagonjwa waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi. Katika matokeo yaliyochapishwa 2020, karibu watatu kati ya kila wanne hawakuwa wakizitumia dawa zao ipasavyo, na hao walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa mapema. Jambo lililohusiana zaidi na mtu kumeza dawa zake vizuri lilikuwa kuwa na bima ya afya. Nilipolisoma hilo nilikumbuka kopo la Blue Band. Kadi ya bima haimfanyi mtu akumbuke zaidi wala aogope kifo zaidi. Inabadilisha hesabu.

Na hao walikuwa wagonjwa waliofika taasisi kubwa kuliko zote za moyo nchini, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Ngara.

Hapa ndipo ninapopata uchungu, na msomaji anisamehe nikiuonyesha. Ni nchi hii hii iliyoifundisha dunia namna ya kumsaidia mgonjwa amalize vidonge vyake. Mwaka 1977 daktari wa Kicheki Karel Styblo, ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi, alianza kushirikiana na serikali ya Tanzania kujenga mpango wa taifa wa kifua kikuu. Walichokifanya kinaelezeka kwa maneno mepesi. Dawa zisikatike ghalani. Mtu amwone mgonjwa akimeza. Kila mgonjwa awe na mstari wake kwenye rejista, na mstari ukikaa mtupu, atafutwe. Mwisho wa robo ya mwaka kila wilaya iulizwe: ulianza na wangapi, umeponya wangapi, wangapi wamepotea? Shirika la Afya Duniani liliuchukua mpango huo katika miaka ya 1990 na kuusambaza kila bara.

Kisha ukimwi. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huuhuu wa Kagera. Hakuna haja ya kumsimulia mtu wa Kagera miaka iliyofuata. Migomba iliyokosa wa kuipalilia ilisimulia yenyewe. Lakini kuanzia mwaka 2004, serikali ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo, mkoa huu ulijifunza tena. Leo mwenye virusi katika kijiji cha Ngara ana kadi, ana namba ya CTC, ile kliniki ya tiba na matunzo iliyo hospitalini, dawa zake ni bure, akiwa ametulia hupewa za miezi kadhaa kwa mara moja, na asipotokea siku yake, kuna mtu atapiga simu au atapanda kilima kumfuata. Anameza kila siku, maisha yake yote. Ameweza.

Katika hospitali hiyohiyo, korido moja mbele, mgonjwa wa moyo anameza dawa za maisha yake yote vilevile, na asipotokea miezi mitatu hakuna anayejua kama amehama, amepona kwa mawazo yake, au amezikwa. Rejista yake haina safu ya aliyepotea. Sisemi hivi kuwalaumu wahudumu wa hospitali za Murgwanza au Rulenge au Biharamulo, ambao wamebeba wilaya hizi mabegani kwa miongo mingi. Nasema utaratibu wenyewe haujawafikia wagonjwa wa moyo. Hatuhitaji kuuagiza ng'ambo. Uko kwenye chumba cha jirani.

Na kama mtu anataka kuuona ukifanya kazi kwa moyo, avuke daraja la Rusumo. Ni daraja lile ambalo mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walilivuka ndani ya muda wa siku moja hivi, wakikimbilia Ngara. Upande wa pili ni wilaya ya Kirehe, Rwanda. Huko, na katika hospitali ya Rwinkwavu iliyo kaskazini zaidi, wizara ya afya ya Rwanda na shirika la Partners In Health walianza mwaka 2006 kujenga kliniki za magonjwa sugu zinazoendeshwa na wauguzi. Muuguzi alifundishwa kutumia ultrasaundi kwa maswali machache: je, moyo unasukuma kwa nguvu au umelegea? Je, valvu imeharibika? Jibu likishapatikana, anajua dawa zipi aanze na namna ya kuzipandisha, na mgonjwa anafuatiliwa karibu na kwake. Bingwa anakuja kwa vipindi kukagua na kuamua nani aende kupasuliwa. Ni vilima vilevile, ndizi zilezile, umutima uleule. Ukisimama Rusumo unaweza kuurusha wimbo ukafika.

Zipo dalili njema kwetu pia. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Kabla yake, mchango wa CHF iliyoboreshwa, bima ya mfuko wa afya ya jamii, uliwekwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na mama mkubwa aliwahi kujiunga, akaacha pale alipoona kadi anayo ila dawa anaambiwa akanunue. Shirika la Afya Duniani nalo liliweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu vidonge vinavyochanganya dawa mbili za presha katika kimoja, mwaka 2019, na vile vya dawa kadhaa za moyo, mwaka 2023. Kidonge kimoja badala ya vitatu ni nauli moja ya akili iliyookolewa. Mhudumu wa jamii aliyepewa mashine ya kupimia presha na rejista yenye safu ya waliopotea angekuwa amemaliza nusu ya sura hii.

Lakini kuna kitu kisichohitaji sheria wala ghala, nacho ni swali. "Unakunywa dawa?" lina jibu moja tu la heshima, na mama wa Kihangaza aliyelelewa vizuri atalitoa: ndiyo, daktari. Atalitoa akiwa ameinamisha kichwa, kwa sababu mbele yake yuko kijana aliyesoma na nyuma yake wapo watu 40 wanaosikia. Nilimwomba mama mkubwa niende naye kliniki safari iliyofuata. Tabibu aliyetupokea alikuwa binti wa umri wa wanangu. Alimwamkia shikamoo, akapima, akaona 168 kwa 98, na kalamu yake ilikuwa tayari juu ya daftari. Halafu akaiweka chini.

"Bibi, vidonge hivi ni vigumu kuvimudu kila siku. Wengi hapa vinawapita. Wiki iliyopita vilikupita siku ngapi?"

Mama mkubwa alinitazama mimi kwanza. Kisha akafungua mkoba, akatoa kopo, akalifungua, akamwonyesha wembe.

Binti yule hakushangaa. Alivimwaga vile vinusu kwenye kiganja, akavihesabu, akaacha kile alichotaka kuandika. Hakuongeza dawa. Aliirudisha losartani ya miligramu 50, akasema imezwe nzima, na akamwelekeza ile ya kukojoa aihamishie alasiri siku za ibada na safari. Alimwandikia vidonge vya miezi miwili, akaenda mwenyewe hadi dirishani kuhakikisha vipo. Tarehe ya kurudi akaiweka siku ya gulio, ili nauli ifanye kazi mbili. Yote hayo yalichukua kama dakika 12. Nje, foleni ilinung'unika kidogo.

Jioni ile nyumbani, giza likiwa limeshaingia, tukasikia hodi. Alikuwa jirani yake wa miaka mingi, mjane mwenzake, naye ana presha na ameandikiwa dawa ileile, na zake zilikwisha wiki tatu zilizopita. Ndipo nilipoelewa kwa nini vinusu koponi havikuwahi kukaa sawa na hesabu yangu. Mama mkubwa alifungua kopo, akagusa ile karatasi yenye wembe, akaisukuma pembeni. Akamtolea kidonge kizima, akampa na maji.

"Alhamisi ijayo nakwenda nawe kliniki," akamwambia. "Nauli nitakupa mimi. Ukaulizwe na wewe."

Kisha akahesabu vilivyobaki, kimoja kimoja, akavirudisha.